Medali Tatu za Bima na Muuzaji Asiyepiga Picha za Ukingo

Muuzaji ninayemwandikia tathmini hii anauza sarafu na medali za kale kwa njia ya mtandao akiwa Ulaya, nami sitamtaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayatamfurahisha na yeye hayupo hapa kujitetea. Niliagiza kwake medali tatu za shaba zinazohusu historia ya bima. Zilinifikia hapa Dodoma siku ya 26 tangu nilipolipa, na kwa miezi minne sasa zimekuwa mezani kwangu. Nimezipima, nimezilinganisha na maelezo yake, na tumeandikiana barua pepe ambazo za mwisho zilikuwa fupi kuliko za mwanzo. Nililipa yuro 96 kwa jumla, 71 za medali na 25 za usafirishaji, bila kuhesabu ushuru nilioulipa wakati wa kuchukua mzigo. Medali moja ni nzuri kuliko alivyoieleza, nyingine ni ya kweli ila tarehe yake si ile aliyoiandika, na ya tatu si shaba.

Mimi ni wakala wa bima kwa miaka mingi, kwanza Dar es Salaam na baadaye hapa, na ukusanyaji huu ulianza kama mzaha. Mteja mmoja aliyekuwa akihama nchi aliniachia kidude kizito cha duara alichokuwa akikiwekea karatasi zisipeperushwe na feni, akaniambia kwamba kinahusu kazi yangu zaidi ya yake. Kilikuwa medali ya miaka 100 ya kampuni ya bima ya huko kwao. Tangu hapo nimejifunza kwamba kampuni za bima za Ulaya zimekuwa na mapenzi makubwa ya kupiga medali, ziwe zinatimiza miaka kadhaa, zinafungua jengo au zinamuaga mkurugenzi. Zile za Ufaransa zilikuwa na desturi ya ziada ambayo msomaji wa Dodoma, mji wa Bunge na vikao, ataielewa bila kufafanuliwa sana: mjumbe wa bodi aliyehudhuria kikao alipewa tokeni ya fedha yenye nembo ya kampuni, aghalabu ya pembe nane, na hiyo ndiyo iliyokuwa posho yake. Asiyefika hakupata. Tokeni hizo zilipigwa pia kwa shaba, na za shaba ndizo mtu wa kipato changu anazoweza kuzifikia.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la lugha linalogusa mfuko wa mnunuzi. Sisi tunaita shaba vitu vitatu tofauti: shaba nyekundu yenyewe, ile ya manjano iliyochanganywa na zinki ambayo hutengenezewa sinia na birika, na bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Mshindi wa tatu wa mbio huvishwa medali ya shaba na hakuna anayeuliza ni ipi kati ya hizo. Mkusanyaji hana budi kuuliza, kwa sababu wauzaji huandika bronzi kwa kila kitu chenye rangi ya kahawia, na huyu ninayemzungumzia ni mmoja wao.

Medali ya kwanza ni mojawapo ya tokeni hizo, na niliichagua kwa ajili ya picha yake. Ni ya kampuni ya bima ya moto ya Paris iitwayo Le Phénix, ina pembe nane na upana wa milimita 36, na usoni pake yuko feniksi, yule ndege wa hadithi za kale anayeungua kisha akazaliwa upya katika majivu yake mwenyewe, akitandaza mabawa juu ya ndimi za moto. Kwa kampuni inayolipa nyumba zilizoungua, sijui kama pangepatikana nembo iliyo wazi zaidi, na hata hivyo wao hawakuwa wa kwanza: London ilikuwa na kampuni ya moto iliyoitwa Phoenix tangu mwaka 1782, na kabla yake ilikuwapo Sun, yaani Jua, iliyoanza mwaka 1710. Zote ni watoto wa moto uleule. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianzia kwa mwoka mikate wa mtaa wa Pudding Lane, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 za London katika muda wa siku nne, na mwanzoni mwa miaka ya 1680 daktari aliyegeuka mjenzi, Nicholas Barbon, akaanza kukatia nyumba bima ya moto kama biashara. Kampuni zilizofuata zilipigilia kibao cha madini ya risasi ukutani mwa nyumba iliyokatiwa bima, chenye nembo na mara nyingi namba ya mkataba, ili kikosi chao cha wazima moto kiitambue. Nikikitazama kibao hicho pichani huikumbuka stika ya bima tuliyokuwa tukiibandika kwenye kioo cha mbele cha gari, ambayo trafiki aliisoma kabla hajamsalimu dereva.

Muuzaji aliitangaza tokeni hii kuwa ni ya mwaka 1819. Mwaka huo umeandikwa kweli, na kampuni ilianzishwa mwaka huo, lakini mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni si mwaka wa kupigwa kwa medali, na kosa hili peke yake linaweza kuzidisha bei mara mbili. Ukweli uko ukingoni. Tangu mwaka 1832, kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu cha Paris kilianza kugonga alama ndogo kwenye ukingo wa kila medali na tokeni, na alama hiyo ilibadilishwa kila baada ya kipindi: kwanza taa ya kale hadi 1841, kisha nanga kwa muda mfupi, kisha omo la chombo kuanzia 1842 hadi 1845, halafu mkono unaonyoosha kidole hadi 1860, halafu nyuki hadi mwisho wa miaka ya 1870, na kuanzia 1880 pembe ya neema, ile pembe inayomwaga matunda na nafaka. Pembeni mwa alama huandikwa madini yenyewe, CUIVRE kwa shaba nyekundu na BRONZE kwa bronzi. Kiwanda kilihifadhi mihuri ya chuma ya medali za zamani na kuendelea kuzipiga upya kwa miongo mingi kila zilipohitajika, kwa hiyo uso ule ule unaweza kuwa wa vizazi vinne tofauti, na ukingo tu ndio unaotofautisha.

Katika tangazo palikuwa na picha mbili, uso na mgongo. Ya ukingo haikuwapo. Tokeni ilipofika niliipeleka dirishani mchana, nikaigeuza taratibu chini ya lenzi ya kukuzia, na kwenye ubavu wa tatu nikamwona nyuki aliye mdogo kuliko punje ya ulezi, na baada yake neno CUIVRE. Mara ya kwanza nilidhani anahusiana na kampuni nyingine ya bima ya Ufaransa iliyoitwa L'Abeille, yaani Nyuki, iliyoanzishwa mwaka 1856, nikaanza kujipongeza kwa kugundua siri ya kibiashara ambayo haikuwapo. Nilipozilinganisha alama ndipo nilipoelewa: tokeni yangu ilipigwa kati ya mwaka 1860 na 1880, miaka 40 au zaidi baada ya mwaka aliouandika muuzaji, na tena si bronzi bali ni shaba nyekundu. Iliyopigwa kweli mwaka 1819 isingekuwa na alama yoyote ukingoni. Bado ni kitu kizuri, mabawa ya ndege yana manyoya yanayohesabika, na yuro 22 si bei ya kulalamikia kwa tokeni ya enzi ya nyuki, lakini nilinunua tarehe na tarehe hiyo sikuipata.

Medali ya pili ndiyo iliyonifanya nisijute. Ni ya kampuni ya Lisbon, ya miaka ya 1970, ina kipenyo cha milimita 70, na muuzaji aliipa mstari mmoja tu wa maelezo, kana kwamba aliona haya kuiuza. Usoni ni merikebu inayolala ubavu katika dhoruba, na mchongaji hakuridhika kuichora bapa: ameizamisha nusu katika mawimbi yaliyochongwa kwa kina, hata ukiipitisha kidole unahisi mahali wimbi linapokunjika. Nakshi ya juu namna hii haipatikani kwa pigo moja la mashine. Bronzi hupigwa, hupashwa moto ikalainika, ikapigwa tena mara kadhaa. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, iliyopakwa kiwandani kwa dawa, na imefifia kidogo sehemu za juu ambako vidole vya watu vimepita. Ukingoni pamegongwa namba, 212 kati ya 500. Hata namba hiyo muuzaji hakuitaja, ingawa ingemwongezea bei.

Kwamba Wareno waliweka merikebu si ajabu, kwa kuwa bima ya baharini ndiyo mzee wa bima zote. Mkataba wa kale zaidi wa bima unaojulikana uliandikwa Genoa mwaka 1347 kwa ajili ya safari ya chombo, na kitabu cha kwanza cha sheria kilichoandikwa kuhusu bima peke yake ni cha Mreno, Pedro de Santarém, kilichopigwa chapa Venice mwaka 1552. Sisi wenyewe neno bima lilitufikia kwa njia ya bahari, kutoka Bara Hindi, pamoja na wafanyabiashara wake.

Ya tatu nisingeinunua kama ningekuwa na subira. Ni medali ya kisasa ya milimita 50 inayoonyesha mkahawa wa Edward Lloyd wa London, ambako kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1680 manahodha, wenye meli na matajiri walikuwa wakikutana, na ambako soko la bima la Lloyd's lilizaliwa. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kijiwe cha kahawa akasikia habari za mji mzima kabla ya adhuhuri hataona ajabu kwamba biashara ya bima ilianzia mahali pa namna hiyo: mwenye chombo alihitaji fedha, mwenye fedha alihitaji habari, na wote walihitaji kahawa. Picha ndiyo iliyonishawishi. Tangazo lilisema bronzi.

Nilianza kushuku nilipoishika, kwa kuwa ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, na nilipoigonga kwa kucha ilitoa sauti ya bakuli la plastiki. Nilikwenda kwa fundi sonara mmoja karibu na Soko la Majengo, kijana mtulivu ambaye mizani yake inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, nikamwomba anipimie medali zote tatu kwanza zikiwa kavu, kisha zikining'inia kwa uzi ndani ya glasi ya maji bila kugusa chini. Kiasi cha gramu kinachopungua majini ni sawa na ujazo wa kitu katika sentimita za ujazo, na ukigawa uzito mkavu kwa ujazo huo unapata msongamano wa madini. Bronzi na shaba nyekundu hukaribia 8.8 na 8.9, zinki ni 7.1 hivi. Medali ya Lisbon ilikuwa gramu 180 na ilipungua 20.4, yaani 8.8. Tokeni ya feniksi ilikuwa gramu 19.6 na ilipungua 2.2, yaani 8.9. Medali ya mkahawa ilikuwa gramu 62.4 na ilipungua 8.7, na nilipogawa nilipata 7.2. Ni zinki iliyopakwa rangi ya shaba, na baadaye nilipoitazama vizuri ukingoni niliona mstari mwembamba unaoizunguka yote, mahali nusu mbili za kalibu ya kumiminia madini zilipokutana, ambao medali iliyopigwa kwa muhuri haina.

Fundi alifurahia hesabu hizo kuliko nilivyotegemea, akaandika namba zake nyuma ya risiti. Kisha akaichukua ile ya Lisbon, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mzee, hii nikikusafishia kwa dawa kidogo itang'aa kama pete ya harusi. Sikutozi."

"Hapana, baba, usiiguse. Weusi huo ndio uliolipiwa."

Alicheka kwa adabu, lakini niliona kwamba hakukubali, na simlaumu. Katika nyumba zetu shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, na sote tumekua tukiona birika likisuguliwa kwa limau na majivu kabla ya sikukuu. Kwa medali, mazoea hayo ni maangamizi: tindikali inaondoa utando uliochukua miaka mingi kujijenga, na iwapo mtu ataongeza chumvi, kloridi inabaki ndani ya vitundu vidogo vya madini na kuanza kuyala polepole. Ugonjwa huo wa shaba huonekana kama madoa ya unga wa kijani kibichi, hauponi kwa kufutwa, na huhitaji unyevu ili uendelee. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 40 hivi unasinzia. Hapa ndipo mkusanyaji wa Dodoma anapowazidi wenzake wa Tanga na Dar es Salaam, wanaoishi na hewa ya chumvi mwaka mzima. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa yetu ni kavu kiasi cha kupasua midomo, na medali zangu zilizoanza kuota kijani nilipokuwa Dar hazijaongeza doa hata moja tangu nihamie huku. Kinachotusumbua sisi ni vumbi, ambalo lina chembe za mchanga, kwa hiyo sifuti kwa kitambaa. Napuliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, ndipo ninapotumia brashi laini.

Kwa sababu hiyo, lawama yangu ya pili kwa muuzaji ni namna alivyofunga. Kisanduku kilikuwa imara, chenye matabaka mawili ya karatasi ngumu, na hakuna kilichogongana njiani. Kwa hilo anastahili sifa kamili. Lakini kila medali aliitia katika kijaluba laini cha plastiki ya PVC, ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo ikikaa na joto hutoa tindikali ya klorini na mafuta yanayoacha utelezi wa kijani juu ya shaba, na mtu anayeuza medali kama kazi yake ya kila siku hana udhuru wa kutolijua hilo. Nilizitoa siku ileile nikaziweka katika vikasha vya plastiki ngumu isiyo na klorini, pamoja na vifuko vya chembe za kukaushia ambavyo huwa navitunza kutoka kwenye masanduku ya viatu.

Majibu yake kwa malalamiko yangu yalikuwa ya haraka, ndani ya siku mbili kila mara, na kwa lugha ya heshima. Kuhusu medali ya zinki, nilimtumia hesabu za fundi na picha ya ule mstari wa kalibu, naye akanirudishia yuro 18 bila ubishi na bila kutaka niirudishe, kwa kuwa gharama ya kuirudisha ingezidi bei yake. Hilo ni jambo la uungwana na ninalihesabu upande wake. Kuhusu tokeni alikuwa mgumu zaidi. Alisisitiza kwamba mwaka 1819 umeandikwa juu yake na kwamba yeye huandika anachokiona. Nilipomweleza habari ya nyuki alijibu kwamba wanunuzi wengi hawatazami ukingo, sentensi ambayo nimeisoma mara kadhaa nikijaribu kuamua kama ni utetezi au ni ungamo.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Kwa anayetaka medali za kupamba rafu ya ofisi anatosha, bei zake ni za haki na mzigo unafika salama. Kwa anayekusanya kwa ajili ya historia, asinunue kwake kitu chochote bila kwanza kumwomba mambo mawili kwa maandishi: picha ya ukingo mzima, ikiwezekana kwa vipande vitatu au vinne, na uzito kwa gramu pamoja na kipenyo na unene. Kwa vipimo hivyo mtu anaweza kukadiria msongamano akiwa nyumbani kwake kabla hajalipa, ingawa si kwa usahihi wa glasi ya maji.

Ushauri huu una uzito zaidi kwa wenye mifuko mirefu kuliko wangu. Medali inayosakwa kuliko nyingine nyingi katika fani hii ni ile ya Lloyd's ya kuokoa maisha baharini, iliyoanzishwa mwaka 1836 na kuchongwa na William Wyon, ambayo ilitengenezwa kwa madini ya fedha au kwa bronzi. Usoni inamwonyesha Odiseo, shujaa wa hadithi za kale za Kigiriki, akiwa amezama nusu baharini na mungu wa kike Leukothea akimjia kumsaidia, na mgongoni lipo taji la majani ya mwaloni. Awali ilikuwa pana, milimita 73, kitu cha kuwekwa mezani. Mwaka 1896 ikapunguzwa hadi milimita 36 ili iweze kuvaliwa kifuani. Jina la aliyeokoa watu, ambalo ndilo linaloitofautisha medali moja na nyingine, huchongwa ukingoni. Muuzaji wangu anayo moja kwenye orodha yake kwa bei ambayo sitaiandika hapa, ikiwa na picha mbili safi kabisa, ya uso na ya mgongo.

Wiki iliyopita nilimwandikia kuhusu tokeni nyingine ya moto ya Paris, nikamwomba picha ya ukingo kwa maneno yaliyo wazi. Ametuma picha nne, mbili za uso na mbili za mgongo, na katika moja kati ya hizo kidole gumba chake kimeuziba ukingo wote wa chini. Sijamjibu.